MANENO YALE YALE, MDOMO MWINGINE

Kuna sentensi mbili za Kiingereza ambazo nimezisoma mara nyingi kuliko mashairi mengi ninayodai kuyapenda. Hazina tamathali ya semi hata moja. Zilitolewa tarehe 13 Februari 2016, siku ile ile aliyofariki Antonin Scalia, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Aliyezitoa ni Mitch McConnell, ambaye wakati huo alikuwa kiongozi wa Warepublican waliokuwa wengi katika Seneti. Kwa Kiswahili changu zinasema hivi: wananchi wa Marekani wawe na sauti katika kumpata jaji wao ajaye. Kwa hiyo nafasi hii isijazwe mpaka tupate rais mpya.

Basi, ni hizo tu. Rais aliyekuwepo, Barack Obama, alikuwa bado na miezi 11 ikulu.

Najua wapo watakaouliza: siasa za Marekani zimefuata nini katika kijigazeti cha hadithi na mashairi? Swali zuri. Shuleni tumefundishwa kuhakiki riwaya, fani upande huu na maudhui upande ule, mpaka mtu unaota ndoto zenye vichwa vidogo vya habari. Lakini hotuba ya mwanasiasa tunaipita kama vile haina fani. Tunaikubali au tunaizomea, tunaenda zetu. Halafu jioni tunakaa kuandika shairi la kumsuta mheshimiwa fulani, dhamira yake unafiki, beti sita, na katika ubeti wa mwisho tunamwambia mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mashairi ya namna hiyo yanatufikia kila toleo. Mengine mazuri. Ninachotaka kuuliza ni kama yanafanya kazi tunayodhani yanafanya, na sijaona mahali pazuri pa kuulizia kama Washington, maana pale undumilakuwili umeandikwa, una tarehe, umerekodiwa kwa picha na sauti, wala hakuna wa kukana.

Turudi kwenye zile sentensi.

Ya kwanza inaanza na wananchi. Nani atabisha? Ukisimama jukwaani ukasema wananchi wawe na sauti, hata mpinzani wako atapiga makofi kabla hajajua unampeleka wapi. Ila wananchi hao hao walikwisha kusema Novemba 2012. Walimchagua Obama kwa miaka minne, na katiba yao haisemi kwamba mwaka wa nne ni wa mazoezi. Sentensi haikanushi jambo hilo. Inalipita kimya kimya, kama mtu anayempita mdai wake sokoni.

Ya pili ndiyo tamu zaidi kwa sisi tunaojifunza kuandika. Inasema nafasi "isijazwe". Isijazwe na nani? Hapa ndipo kauli ya kutendwa inapofanya kazi yake. Mtu mmoja, akiwa na wenzake waliomzidi mpinzani kwa idadi, ameamua kwamba mtu atakayeteuliwa hatasikilizwa. Lakini ukisoma sentensi humwoni mtu yeyote akiamua kitu. Unaona nafasi tu, imekaa peke yake, haijazwi, kama kisima kilichokauka kwa mapenzi ya Mungu. Mwandishi yeyote chipukizi aliyewahi kuandika "makosa yalifanyika" kwa sababu hakutaka kumtaja aliyefanya anaujua ujanja huu. Sote tumewahi kuutumia.

Tarehe 16 Machi 2016 Obama alimteua Merrick Garland, jaji wa mahakama ya rufani ambaye hata baadhi ya Warepublican walikuwa wamemsifu miaka ya nyuma. Jina lake lilikaa Seneti siku 293. Hakuitwa mbele ya kamati kuhojiwa, wala kura haikupigwa. Januari 2017 muda wa Bunge lile ukaisha na jina likafa lenyewe. Donald Trump akaingia ikulu, akamteua Neil Gorsuch, na tarehe 6 Aprili 2017 Warepublican wakabadili utaratibu wa Seneti ili kura 60 za kufunga mjadala zisihitajike tena kwa majaji wa Mahakama ya Juu. Kesho yake Gorsuch akapita kwa kura 54 dhidi ya 45. Kuanzia uteuzi mpaka kura haikufika miezi mitatu.

Sasa geuza ukurasa. Tarehe 18 Septemba 2020 akafariki Ruth Bader Ginsburg, jaji wa mrengo wa kushoto. Uchaguzi wa rais ulikuwa tarehe 3 Novemba, yaani zilibaki siku 46. Alipofariki Scalia zilikuwa zimebaki siku 269. Kama kanuni ni kuwasubiri wananchi waseme, basi hapa walikuwa mlangoni kabisa, baadhi yao walikwisha kuanza kupiga kura. Usiku huo huo McConnell akatangaza kwamba atakayeteuliwa na Trump atapigiwa kura. Amy Coney Barrett akatajwa tarehe 26 Septemba na kuthibitishwa tarehe 26 Oktoba, kura 52 kwa 48, siku 8 kabla ya uchaguzi.

Walipobanwa, jibu lao lilikuwa hili: 2016 rais alikuwa wa chama kimoja na Seneti ya chama kingine, 2020 rais na Seneti ni chama kimoja, kwa hiyo wananchi walikwisha kuamua. Nitawatendea haki, maana uhakiki usio na haki ni umbeya. Hoja hiyo haikuzaliwa 2020. Ukizipekua hotuba za 2016 utaikuta imo, imekaa kwenye kona, pamoja na mfano wa mwaka 1888. Lakini katika kuandika, kitu ulichokiweka kwenye kichwa cha habari na kitu ulichokificha aya ya tisa si kitu kimoja. Kichwa cha habari cha 2016 kilikuwa sauti ya wananchi. Cha 2020 kilikuwa idadi ya viti. Halafu hata huo mfano wa kale una tobo. Februari 1988, mwaka wa uchaguzi, Seneti yenye Wademocrat wengi ilimthibitisha Anthony Kennedy, aliyeteuliwa na Reagan Mrepublican, kwa kura 97 bila hata moja ya kumpinga. Watetezi wakasema Kennedy aliteuliwa Novemba 1987, kwa hiyo hahesabiki. Unaona kanuni inavyoanza kushonwa kwa vipimo vya mtu mmoja, kama suti.

Usiku huo wa Septemba 2020 lilitokea jambo ambalo ningelipata katika hadithi ya mmoja wetu ningemwambia amezidisha chumvi. Chuck Schumer, kiongozi wa Wademocrat katika Seneti, aliandika Twitter sentensi mbili. Wananchi wa Marekani wawe na sauti katika kumpata jaji wao ajaye. Kwa hiyo nafasi hii isijazwe mpaka tupate rais mpya. Neno kwa neno, nukta kwa nukta, bila kutaja zilikotoka.

Hebu zisome tena, zikiwa sasa mdomoni mwa Schumer. Maneno hayakubadilika hata herufi, lakini maana imepinduka. Mdomoni mwa McConnell zilikuwa kanuni. Mdomoni mwa Schumer ni tashtiti, ni kidole. Ila, na hapa ndipo pananikera, ni ombi pia. Schumer hakuwa anatania tu. Alikuwa anataka kweli nafasi isijazwe. Miaka minne nyuma yeye na wenzake walikuwa wamezunguka na kauli ya kuwataka maseneta wafanye kazi yao, kwamba katiba inawataka wamsikilize aliyeteuliwa. Sasa katiba ile ile ikawa inataka subira. Kwa hiyo ile kejeli ilikuwa na makali pande zote mbili, na mwenye kuishika alijikata kidogo. Nilipoiona nilicheka, halafu kicheko kikanikwama.

Mhusika mwingine katika mchezo huu nampenda kama mwandishi anavyompenda mtu ambaye hangependa kukaa naye meza moja. Ni Lindsey Graham, seneta wa South Carolina. Januari 1999 alikuwa mmoja wa wabunge 13 waliosimama Seneti kama waendesha mashtaka dhidi ya Bill Clinton. Hoja yake ilikuwa nzito: si lazima rais awe ametiwa hatiani mahakamani ndipo aondolewe, maana kumwondoa ni kuisafisha ofisi irudi na heshima yake. Desemba 2019, zamu ya Trump ilipokaribia, Graham akatamka waziwazi kwamba hajifanyi kuwa mwamuzi asiye na upande. Akapiga kura ya kumwachia Trump Februari 2020, akairudia Februari 2021.

Kuhusu majaji ndiyo alijipita. Machi 2016, mbele ya kamati, aliwaambia Wademocrat wayatumie maneno yake dhidi yake: ikiwa Mrepublican atashinda 2016 na nafasi ikatokea mwaka wa mwisho wa muhula wake wa kwanza, mnaweza kusema Lindsey Graham alisema tumwachie rais ajaye. Mwaka 2018 akarudia, tena akawaambia waitunze kanda. Wakaitunza. Mwaka 2020 nafasi ikatokea, mwaka wa mwisho, muhula wa kwanza, vilevile alivyobashiri. Na mwenyekiti wa kamati iliyomhoji Barrett alikuwa nani? Graham. Akasema mambo yamebadilika, kwamba Wademocrat walivyomtendea Brett Kavanaugh 2018 wamemfungua na ahadi yake.

Mhusika wa namna hii ukimweka katika tamthiliya yako, mhariri atakurudishia. Atakwambia si wa kuaminika. Mtu gani anaandaa ushahidi wa kumhukumu yeye mwenyewe, anausaini, anaukabidhi kwa adui? Lakini ndiyo hivyo. Na tunachopaswa kukitazama ni kilichofuata. Kanda ilichezwa kwenye televisheni usiku na mchana. Mpinzani wake Jaime Harrison alichangiwa fedha ambazo mgombea wa Seneti hajawahi kuchangiwa kabla yake kwa robo mwaka mmoja, dola milioni 57. Watu walikwisha kuandika tanzia ya Graham. Siku ya kura akashinda kwa tofauti ya asilimia 10 hivi.

Ndugu yangu mwandishi wa mashairi ya kusuta, hapo simama kidogo.

Kusuta kuna sharti lake. Wanawake wa pwani wanaojua kazi hiyo hawamsuti mtu porini. Wanamfuata mtaani kwake, mbele ya majirani ambao kesho atawahitaji. Nguvu ya kusuta haimo katika maneno, imo katika majirani. Graham alisutwa vizuri sana, na wasutaji wazuri, kwa ushahidi usio na shaka. Ila majirani zake wengi walikuwa wanataka kiti kile cha jaji kuliko walivyotaka ahadi itimizwe, na yeye alilijua hilo. Waliokasirika hawakuwa mtaa wake. Sisi tunaoandika tashtiti tumejengewa imani kwamba ukimvua mtu nguo hadharani kazi imekwisha. Vipi akiwa haoni baridi?

Najua kinachofuata, maana kila tukizungumza haya kijiweni kuna mshikaji mmoja atasema: aa, wote wale wale tu. Republican, Democratic, mbwa mwitu na fisi. Akisema hivyo anajisikia amekomaa kisiasa. Mimi naona amechoka tu.

Ni kweli ushahidi wa upande wa pili upo, tena mimi ambaye moyo wangu uko upande huo ndiye ninayepaswa kuutoa wa kwanza. Juni 1992 Joe Biden, akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Sheria ya Seneti, alisimama akasema ikitokea nafasi Mahakama ya Juu, Rais Bush afadhali asubiri uchaguzi upite. Warepublican walimfufulia hotuba hiyo 2016 na walikuwa na haki. Januari 2006 Obama, seneta mgeni, aliungana na waliotaka kuburuza mjadala ili Samuel Alito asipigiwe kura. Alipokuwa rais, msemaji wake akasema anajutia. Novemba 2013 Harry Reid, kiongozi wa Wademocrat, ndiye aliyeanza kuvunja ile kanuni ya kura 60 kwa majaji wa mahakama za chini na wateule wengine wa rais. McConnell alimwonya siku ile kwamba watakuja kulijutia, pengine mapema kuliko wanavyodhani. Na katika sakata la Clinton mwaka 1998, wapo Wademocrat waliokuwa mstari wa mbele kuwatetea wanawake dhidi ya mabosi wenye mikono mirefu, ambao ghafla waligundua uzuri wa faragha pale bosi alipokuwa rais wao na msichana alikuwa mwanafunzi wa kazi ikulu. (Spika Newt Gingrich, aliyeongoza kelele za upande wa pili, alikuja kukiri 2007 kwamba wakati ule ule naye alikuwa na hawara. Nimeiweka kwenye mabano kwa sababu kila mtu huichekea hiyo, na ndiyo ndogo kuliko zote.)

Lakini hebu tuwe wasomaji makini. Mwaka 1992 Biden alisema. Hapakuwa na nafasi, hapakuwa na mteule, hakuna aliyezuiwa. Mwaka 2006 Obama alikuwa katika kundi la maseneta 25 lililoshindwa, na Alito akakaa kwenye kiti chake. Mwaka 2016 McConnell alitenda, na kiti kikakaa wazi zaidi ya mwaka. Ukiviweka vitu hivi kwenye kapu moja, ukasema yote ni unafiki, umefanya kosa ambalo hata katika uhakiki wa hadithi hatulisamehe: umelinganisha wazo la mhusika na tendo lake. Reid ndiye aliyetenda kweli, na huyo sina la kumtetea zaidi ya kusema alikuwa amekabwa. Waliokabwa wote husema hivyo.

Mpaka hapa tumekuwa ndani ya kuta za Seneti. Kuna undumilakuwili mmoja wa vyama hivi ambao ulitoka nje ukavuka bahari mpaka Mombasa, na sijui kwa nini waandishi wetu hawajauandikia riwaya.

Katiba ya Marekani inamtaka rais awe raia wa kuzaliwa. John McCain, mgombea wa Republican 2008, alizaliwa mwaka 1936 katika kambi ya jeshi la majini kwenye ukanda wa Mfereji wa Panama. Obama alizaliwa Honolulu, Hawaii, mwaka 1961, baba Mkenya. Kwa habari ya McCain, Seneti ilikaa Aprili 2008 ikapitisha kwa kauli moja azimio la kumtambua kuwa raia wa kuzaliwa, na mmoja wa maseneta waliolidhamini azimio hilo alikuwa, naam, Barack Obama. Kwa habari ya Obama, ambaye alizaliwa ndani ya jimbo la Marekani, ilibidi atoe cheti cha kuzaliwa 2008, kisha atoe kirefu zaidi tarehe 27 Aprili 2011 baada ya Trump kulivalia njuga suala hilo kwenye televisheni. Trump alikuja kukubali kwa sentensi moja Septemba 2016. Kati ya hapo Ted Cruz, aliyezaliwa Calgary, Canada, aligombea urais kwa tiketi ya Republican, na umati uliokuwa ukidai cheti cha mtu wa Hawaii haukuonekana barabarani. Trump alimchokonoa kidogo, alipomwona anamkaribia kwenye kura.

Wenye chuki walikuwa wamehamishia kizazi cha Obama Mombasa. Mwaka 2009 ikazagaa karatasi waliyodai ni cheti chake cha huko, cha Februari 1964, na juu kimeandikwa Jamhuri ya Kenya. Mtoto yeyote wa shule Kenya angewaambia kwamba jamhuri ilikuja Desemba 1964. Na mtoto wa Mombasa angeongeza kwamba mwaka 1961 ukanda ule wa pwani ulihesabika kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, chini ya ulinzi wa Waingereza. Mghushi hakujua, wala hakuona haja ya kujua. Kwake Mombasa haikuwa mji wenye tarehe, bandari na watu wanaozaliwa na kuandikishwa. Ilikuwa neno la kumtishia mpiga kura wa Ohio. Sisi ndio tuliokuwa zimwi katika hadithi ya watu, na hatukuulizwa hata jina letu linavyoandikwa.

Hapo undumilakuwili unaacha kuwa mchezo wa maseneta. Azimio la McCain na cheti cha Obama vinahusu kifungu kimoja cha katiba, maneno yale yale. Tofauti haimo katika kifungu. Imo katika sura ya anayesomewa. Ndiyo maana nasema kumwambia mtu wa aina hii kwamba "unajipinga" ni kupoteza wino. Hajipingi. Kanuni yake ya kweli anaifuata kwa uaminifu mkubwa, ila siyo ile aliyoitamka. Kazi ya mwandishi ni kuiandika ile asiyoitamka, kisha aandike nani anailipia.

Maana gharama ipo. Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ilifuta uamuzi wa 1973 uliokuwa umelinda haki ya mwanamke kutoa mimba nchi nzima. Kufuta kulihitaji majaji watano, na watano ndio waliopatikana kamili: Alito, Thomas, Gorsuch, Kavanaugh, Barrett. Kiti cha Gorsuch ni kile kilichosubirishwa 2016. Cha Barrett ni kile kilichokimbizwa 2020. Hakuna kanuni moja inayoweza kutoa viti vyote viwili. Ukishika ya kusubiri unapoteza cha pili, ukishika ya kutosubiri unapoteza cha kwanza. Na mwanamke wa Mississippi, kulikoanzia kesi hiyo, anayelazimika kuomba ruhusa kazini, kutafuta nauli na kuvuka majimbo kwenda kutibiwa, huyo hakuzisoma zile sentensi mbili. Ndizo zilizomsafirisha.

Huyu mwanamke sijamwona katika mashairi yetu. Tunamwona McConnell, maana ni rahisi kumchora, shingo yake na midomo yake. Tunamwona Trump mpaka tumemchosha. Vibonzo ni vitamu, nami navipenda, lakini mlipaji hana kibonzo.

Kuna mlipaji mwingine ambaye upande wangu wenyewe umemsahau, na huyo ndiye anayeninyima usingizi zaidi ya wote. Juni 1986 mchezaji kijana wa mpira wa kikapu, Len Bias, alikufa kwa kokeini siku mbili baada ya kuchaguliwa na Boston Celtics. Bunge la Wawakilishi, lililokuwa mikononi mwa Wademocrat, likaingiwa na haraka ya uchaguzi uliokuwa mlangoni. Oktoba mwaka huo Reagan akasaini sheria: ukikamatwa na gramu 5 za kokeini ya vipande, ile ya bei rahisi inayovutwa, kifungo kisichopungua miaka 5. Ukikamatwa na kokeini ya unga, ile ya wenye nacho, ili upate miaka hiyo hiyo sharti uwe na gramu 500. Dawa ni ile ile, mmoja amepikiwa na mwingine hajapikiwa. Moja kwa mia. Waliojaa magereza kwa kifungu hicho walikuwa weusi kwa wingi. Biden alikuwa miongoni mwa walioisukuma. Baadaye alisema lilikuwa kosa. Sheria haikutaja rangi mahali popote. Ni maandishi safi kabisa, unaweza kuyasoma darasani.

Mwaka 2010 Obama alisaini marekebisho, na uwiano ukashuka mpaka moja kwa 18. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu, lakini jiulize ni hesabu gani hiyo inayofikia kwenye 18. Septemba 2021 Bunge la Wawakilishi likapitisha muswada wa kuzifanya kokeini mbili zihesabiwe sawa, kura 361 dhidi ya 66, Warepublican wengi wakiwemo. Jambo la nadra siku hizi. Desemba 2022 Mwanasheria Mkuu wa serikali ya Biden akawaandikia waendesha mashtaka wake waraka, wasiendelee kuwatofautisha washtakiwa kwa aina ya kokeini, kwa kadiri sheria inavyowaruhusu. Mwanasheria Mkuu huyo alikuwa Merrick Garland, yule yule wa siku 293.

Ule muswada wenyewe ulikuwa umepelekwa Seneti. Kiongozi wa walio wengi wakati huo hakuwa tena McConnell, alikuwa Schumer. Bunge lile likamaliza muda wake Januari 2023, na muswada haukupigiwa kura.